Uzi wa masikio, pua na koo: kabla ya dawa, nani amechungulia?

Tabibu wa Zamu

Wakuu, salaam. Mimi ni tabibu, wala si daktari bingwa, na kwa miaka kumi na tisa nimefanya kazi kwenye kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali moja ya mkoa ambayo sitaitaja. Nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa muda mrefu. Kilichonifanya nifungue uzi leo ni maswali ya aina moja ninayoyaona kila wiki: mtu anaeleza kwamba sikio la mwanawe linatoa usaha, na kabla ya saa moja kupita amekwisha kutajiwa dawa saba, kuanzia matone ya antibiotiki hadi maji ya kitunguu saumu, bila hata mtu mmoja kumuuliza kama kuna aliyemulika ndani ya sikio hilo akaona kilichomo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Sikio, pua na koo ni matundu, na ugonjwa hukaa ndani ya tundu. Dalili moja inayoonekana nje huweza kuwa na sababu nne tofauti, na tiba ya sababu moja ikawa madhara kwa nyingine. Sikio lililozibwa na nta linataka kulainishwa, na pengine kuoshwa kwa maji. Sikio ambalo ngoma yake imetoboka, likioshwa kwa maji hayo hayo, linapelekewa vijidudu hadi chumba cha ndani. Wagonjwa wote wawili wakifika mapokezi wanasema neno moja tu: "Sikio limeziba."

Nianze na nta, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa zaidi. Nta si uchafu. Inatengenezwa na tezi zilizo kwenye theluthi ya nje ya njia ya sikio, ina tindikali kidogo inayowazuia bakteria na fangasi, na inanasa vumbi na wadudu wadogo. Ngozi ya humo ndani nayo ina tabia ya pekee: husogea taratibu kutoka kwenye ngoma kuelekea nje, ikiibeba nta, na taya linapotafuna linausaidia mwendo huo. Kwa watu wengi, basi, sikio linajisafisha lenyewe. Anayeingiza kijiti cha pamba, unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti au mfuniko wa kalamu anaurudisha mzigo ulikotoka na kuushindilia karibu na ngoma, mahali ambapo hauwezi tena kutoka peke yake. Njia nzima ya sikio la mtu mzima ina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na mkono wa mtu anayekuna sikio huku amefumba macho kwa raha hauna kipimo.

Kuna dereva wa bodaboda aliyekuja akilalamika kwamba sikio la kushoto limekuwa zito kwa miezi miwili na kwamba amekwisha kutumia chupa tatu za matone kutoka duka la dawa. Nilipoingiza otoskopu, yaani kile kitochi chenye koni nyeusi, sikuiona ngoma. Niliona kichwa cha pamba kilichochomoka kwenye kijiti, kimegeuka rangi ya kahawia, kimelala juu ya nta ngumu kama gundi ya fundi viatu, na dawa ya chupa zote tatu ilikuwa imeishia kwenye pamba hiyo. Nilikitoa kwa koleo ndogo kwa chini ya dakika moja. Nta yenyewe tuliilainisha kwa matone ya mafuta ya zeituni kwa siku nne, kisha, baada ya kuhakikisha kwamba hajawahi kutokwa usaha sikioni, tukaiosha kwa maji yenye joto sawa na la mwili. Joto hilo lina sababu: maji ya baridi au ya moto yakiingia sikioni humletea mtu kizunguzungu cha kumwangusha kwenye kiti.

Sasa tuje kwenye usaha, ambao ndio mzito. Nyuma ya ngoma kuna chumba kidogo chenye hewa na mifupa mitatu, nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku ndicho kidogo kuliko mifupa yote mwilini, kina milimita tatu hivi. Chumba hicho kinapata hewa kupitia mrija wa Eustachio, unaofunguka nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, ndiyo maana mafua ya mtoto hayachelewi kufika sikioni. Mrija unavimba na kuziba, majimaji yanajikusanya chumbani, bakteria kama nimokokasi wanazaliana humo, ngoma inatuna, mtoto analia usiku kucha akilivuta sikio. Mara nyingine ngoma inapasuka, usaha unamwagikia mto, na maumivu yanapoa ghafla. Mzazi anashukuru kwamba mtoto amelala, na hospitali haendi tena.

Ngoma nyingi zilizopasuka namna hiyo hufunga zenyewe. Zile zisizofunga ndizo zinazojaza benchi letu miaka mitano baadaye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya watoto, unaotumika hadi kwenye zahanati zetu, unaweka mpaka kwenye siku ya 14. Usaha uliotoka kwa muda usiofika siku hizo unahesabiwa kuwa maambukizi mapya, na mtoto anapewa amoksilini ya kunywa pamoja na dawa ya maumivu. Usaha uliodumu siku 14 au zaidi ni maambukizi sugu, na hapo dawa ya kunywa haisaidii sana, kwa sababu dawa inatakiwa ifike pale pale penye tundu. Sikio linakaushwa mara tatu kwa siku, kisha linadondoshewa matone ya jamii ya siprofloksasini kwa wiki mbili.

Neno "linakaushwa" ndilo linalorukwa, na bila hilo matone yanaelea juu ya usaha. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachofyonza, au karatasi laini iliyo imara, ukisokote kiwe kama utambi. Kiingize sikioni taratibu, kikae dakika moja, kitoe, weka kingine, na uendelee hivyo mpaka utambi utoke mkavu. Hapo ndipo udondoshe dawa. Kijiti cha pamba kisitumike. Vilevile mtoto asiogelee, na wakati wa kuoga sikio lizibwe kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito ya mgando.

Tahadhari moja kwa wanaojinunulia matone dukani: yale yenye jentamisini na ndugu zake yanaweza kupita kwenye tundu la ngoma, yakafika sikio la ndani na kuharibu usikivu pamoja na mizani ya mwili. Duka la dawa muhimu halina otoskopu, na muuzaji hawezi kujua kama ngoma yako ni nzima. Matone ya macho yenye siprofloksasini yanaweza kutumika sikioni, na sisi wenyewe huyatumia pale ya sikio yanapokosekana, lakini matone ya sikio yasiwekwe jichoni hata mara moja.

Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, unaolisukuma sikio mbele, hausubiri kesho. Mfupa wa nyuma ya sikio umekwisha kuambukizwa, na kutoka hapo hadi kwenye utando wa ubongo ni hatua fupi. Hali kadhalika uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu kikali, au maumivu makali ya kichwa kwa mtu mwenye sikio la usaha wa siku nyingi. Na usaha wenye harufu ya uvundo usiokoma hata kwa dawa sahihi huenda ni kolesteatoma, yaani ngozi iliyoota mahali isipostahili ikawa inakula mifupa polepole, ambayo tiba yake ni upasuaji.

Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya watu milioni 65 na milioni 330 duniani walikuwa na masikio ya kutoa usaha, na kwamba asilimia 60 kati yao usikivu wao ulikuwa umepungua kwa kiwango kikubwa. Kwa hiyo yule mtoto anayekaa dawati la nyuma, ambaye mwalimu anamwita mzembe, huenda hamsikii mwalimu. Chanjo ya nimokokasi, ambayo Kenya iliianza mwaka 2011 na Tanzania ikaifuata mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013, inapunguza sehemu ya mzigo huu. Kwa hiyo kadi ya kliniki ya mtoto inahusu masikio yake pia.

Nitarudi na pua. Karibuni kwa maswali.

Fundi Gereji

Tabibu, nakushukuru kwa maelezo yaliyotulia. Masikio yangu hayatoi usaha wala hayaumi, ila yanavuma kama redio iliyokosa stesheni, hasa usiku nyumba ikitulia. Nasaga vyuma kwa grenda tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Je, hiyo nayo ni nta?

Tabibu wa Zamu

Fundi, inawezekana ikawa nta, na ndiyo maana utachunguliwa kwanza. Lakini kwa mtu wa grenda ninachokihofia zaidi ni zile seli nyembamba za sikio la ndani zinazopokea sauti, ambazo zikifa kwa kelele hazioti tena. Nenda mahali wanapopima usikivu. Kama umeharibika kidogo, kinachobaki ni kuulinda: vaa vizibo au vifunika masikio kila unapowasha mashine, hata kama kazi ni ya dakika tano.

Dawa nazo huvumisha masikio. Wenye umri wangu tunaikumbuka kwinini ya malaria, masikio yakivuma kama mzinga wa nyuki, kisha yakatulia dozi ilipokwisha. Baadhi ya sindano, hata hivyo, madhara yake hayakutulia. Kanamaisini iliyokuwa ikichomwa kwa kifua kikuu sugu iliwaacha wagonjwa wengi viziwi, na Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza katika mwongozo wake wa 2019. Kwa hiyo mtu anayetibiwa maradhi yoyote kwa sindano za muda mrefu akianza kusikia mvumo, amwambie daktari wake siku hiyo hiyo.

Mama Wawili

Daktari, samahani kwa kuiwahi mada ya pua. Mwanangu ana miaka mitatu. Anatokwa na makamasi ya kijani yenye harufu mbaya sana kwa wiki tatu sasa, kiasi kwamba dada yake anakataa kulala naye. Tumepewa dawa za antibiotiki mara mbili kwenye kituo cha karibu; harufu inapungua, kisha inarudi. Mtaani wananiambia ana nyama za puani na kwamba kuna mama anauza dawa ya kuzikausha.

Tabibu wa Zamu

Mama, nijibu swali moja tu kabla ya yote: makamasi hayo yanatoka tundu moja au yote mawili?

Mama Wawili

La kushoto tu. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka ulipouliza.

Tabibu wa Zamu

Basi usinunue dawa ya huyo mama. Mtoto mdogo mwenye uchafu wa kunuka unaotoka tundu moja la pua tunamhesabu kuwa ameingiza kitu humo mpaka tuthibitishe vinginevyo. Nimewahi kutoa punje za mahindi, shanga, vipande vya sponji ya godoro na kifutio cha penseli. Antibiotiki hupunguza harufu kwa sababu inawaua bakteria waliozunguka kitu hicho, lakini kitu chenyewe kimekaa pale pale. Usijaribu kukichokonoa, kwa sababu kikiteleza kwenda nyuma kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Mpeleke kesho kwenye hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo, uwaambie maneno haya: "Tundu moja, wiki tatu, harufu."

Kama una shaka kwamba alikuwa akichezea betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya rimoti, usingoje kesho. Betri hiyo ikigusana na unyevu wa pua huunguza nyama, na madhara yanaweza kuanza ndani ya saa mbili.

Kwa kuwa nyama za puani zimetajwa, niziseme. Neno hilo mitaani linabeba vitu vitatu. Cha kwanza ni tezi iliyo nyuma ya pua ya kila mtoto, ambayo ikikua kupita kiasi humfanya alale mdomo wazi, akorome, na mara nyingi masikio yajae maji. Tezi hii husinyaa yenyewe kadiri mtoto anavyokua, na wale inaowatesa kweli kweli hufanyiwa upasuaji mdogo. Cha pili ni vivimbe laini kama zabibu zilizomenywa, ambavyo huota zaidi kwa watu wazima wenye aleji au pumu, na tiba yake ya kwanza ni dawa ya kupulizia yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Cha tatu si ugonjwa hata kidogo. Ukimulika tochi ya simu kwenye pua ya mtu yeyote utaona kwenye ukuta wa nje kitu chekundu kilichotuna. Hicho ni sehemu ya pua, kazi yake ni kuipasha joto na kuilowesha hewa unayovuta. Nimeletewa watu wazima waliochomwa kiungo hicho kwa dawa za kienyeji kali hadi pua ikashikamana kuta zake, wakaziba kabisa kwa kutibiwa kuziba.

Bint Pangani

Mimi sainasi imenishinda. Kichwa kinagonga upande mmoja, mwanga unaniudhi, nikitapika napata nafuu. Nimekwisha kumeza antibiotiki zisizohesabika.

Tabibu wa Zamu

Dada, maelezo yako yananipeleka kwenye kipandauso kuliko sainasi. Wengi wanaojiita wagonjwa wa sainasi kwa sababu ya maumivu ya kichwa peke yake, bila pua kuziba wala makamasi, wana kipandauso, na tiba zake ni nyingine kabisa. Muone daktari kwa jina hilo.

Sainasi halisi, yaani kuvimba kwa vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso, kwa kawaida huanza kama mafua. Mafua ya virusi huisha ndani ya siku kumi hivi, na rangi ya kijani au njano ya makamasi haitoshi kuonyesha kwamba bakteria wameingia. Tunafikiria antibiotiki pale dalili zinapovuka siku kumi bila nafuu, au mgonjwa anapopata nafuu kisha akazidiwa upya, au homa inapokuwa kali na uso unauma. Wengine wote wanasaidiwa na dawa ya maumivu na kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Waislamu wanaopandisha maji puani kila wanapotawadha wanaijua tayari namna ya kuyavuta na kuyapenga. Hili la tiba linaongeza chumvi na maji yaliyochemshwa.

Kuhusu matone ya kufungua pua yenye zailometazolini au oksimetazolini: yanafungua pua ndani ya dakika chache, na ndiyo hatari yake. Ukiyatumia zaidi ya siku tano hadi saba, pua inaziba zaidi kila dawa inapokwisha nguvu, nawe unarudia, mpaka chupa inakaa chini ya mto kama sigara. Mwenye aleji ya vumbi anahitaji dawa ya kupulizia yenye steroidi, ambayo haifungui pua papo hapo na hutaka wiki kadhaa za kutumiwa kila siku. Shika chupa kwa mkono wa kulia unapopuliza tundu la kushoto, na kinyume chake, mdomo wa chupa ukielekea upande wa sikio. Ukipuliza kuelekea ukuta wa katikati utautoa damu na kusema dawa haikufai.

Na damu ya pua, kwa kuwa nimeitaja: keti, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa vidole viwili kwa dakika kumi hadi kumi na tano bila kuachia ili kutazama. Kuinua kichwa juu kunaificha damu tu, nayo inaishia tumboni na kumtapisha mgonjwa. Isipokoma baada ya hapo, hospitali.

Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, nimesoma yote na nimefaidika, lakini kuna jambo umelikwepa. Mwaka 1961, nikiwa na miaka sita, nilikohoa mwezi mzima hadi mama akakata tamaa. Babu alinipeleka kwa mzee mmoja, nikakatwa kimeo, na wiki iliyofuata sikukohoa tena. Ninyi mnasema kukata kimeo ni ujinga. Mimi ni ushahidi ulio hai.

Tabibu wa Zamu

Shikamoo, Mwalimu. Sikulikwepa, nilikuwa nalingojea, na nafurahi limeletwa na mtu aliyelipitia mwenyewe.

Kimeo, au kidakatonge, ni kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo. Kinashirikiana na kaakaa laini kuziba njia ya pua tunapomeza, chakula kisirudi puani, na kinasaidia matamshi. Mtoto anayekohoa ana koo lililovimba, na kimeo chake nacho huvimba; mzazi akimulika anakiona kirefu kimelala juu ya ulimi, anahitimisha kwamba ndicho kinachomkera mtoto hadi akohoe. Kuona ameona kweli. Lakini kimeo kimevimba kwa sababu ile ile iliyoleta kikohozi.

Sasa kuhusu kupona kwako. Kikohozi kinachofuata mafua ya virusi huweza kudumu wiki tatu au nne, kisha kikaisha bila dawa. Watu hawakati kimeo siku ya tatu; hukata baada ya kungoja, kujaribu majani, kujaribu asali, yaani wiki ile ile ambayo kikohozi kilikuwa kinaelekea kuisha. Kikohozi chako kilikutana na kisu njiani. Mwenzako ambaye hakukatwa naye alipona, ila hana kovu la kutuonyesha.

Wale ambao kikohozi chao hakikuwa cha virusi ndio ninaowapokea. Mtoto wa kwanza niliyemwona katika kazi hii baada ya kukatwa kimeo alikuwa na miaka miwili. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi kwa damu iliyokuwa ikivuja na kumezwa usiku kucha, na mama yake hakujua kwa kuwa mtoto hakuwa akitema kitu. Aliongezewa damu, akapona. Kikohozi kilibaki, na kilipofuatiliwa kilikuwa kifua kikuu alichokipata kwa mtu mzima wa nyumba ile. Wengine tumewakuta na pumu, wengine na punje ya karanga kwenye njia ya hewa. Juu ya kuvuja damu kuna pepopunda, usaha shingoni, na kisu kinachopita koo hadi koo kikiweza kubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinapimwa kifua kikuu, na kwenye vituo vya serikali kipimo hicho ni bure.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hoja ya wiki ile ile sikuwahi kuielezwa hivyo. Sijaridhika kabisa, lakini mjukuu wangu anayekohoa sasa nitamwambia baba yake ampeleke akapimwe kwanza. Je, tonsesi nazo? Naona hospitali nako wanakata.

Tabibu wa Zamu

Wanakata, Mwalimu, lakini kwa hesabu. Tonsili, au tonsesi kama tunavyoziita, kwa mtoto wa miaka minne hadi saba huwa kubwa kwa maumbile, na ukubwa peke yake si ugonjwa. Mafindofindo mengi ni ya virusi na huisha kwa dawa ya maumivu na kusukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu. Yanayotutia wasiwasi ni ya bakteria aitwaye streptokokasi: homa, koo lenye madoa meupe, tezi za mbele ya shingo zimevimba na zinauma, na mgonjwa hakohoi. Huyo anapewa penisilini au amoksilini kwa siku kumi, au sindano moja ya benzathini penisilini. Watu hukatiza dozi siku ya tatu koo linapopoa, na kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili iliyochochewa na bakteria hao huja kushambulia valvu za moyo. Valvu zilizoharibika hivyo ni sehemu kubwa ya kazi ya wapasuaji wa moyo wa ukanda wetu, na safari yake huanzia kwenye koo lililotibiwa nusu.

Kipimo kinachotumika sana cha kukata ni mafindofindo makali yaliyothibitishwa mara saba ndani ya mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili, au mara tatu kila mwaka kwa miaka mitatu. Sababu nyingine ni mtoto anayekata pumzi usingizini. Na mtu asiyeweza kufungua mdomo, anayedondosha mate na kuongea kana kwamba ana kiazi cha moto mdomoni, ana jipu kando ya tonsili. Huyo anaanzia mapokezi ya dharura, jipu linyonywe.

Kwa watu wazima niongeze mambo mawili tu. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu, hasa kwa mvutaji wa sigara, inataka mtu achungulie nyuzi za sauti kwa kamera. Sikio moja lililoziba bila maumivu kwa mtu mzima, likiambatana na uvimbe shingoni au makamasi yenye michirizi ya damu, linataka kuchunguliwa nyuma ya pua, kwa sababu saratani ya mahali hapo huanza kimya namna hiyo.

Mama Wawili

Narudi na taarifa. Tulikwenda jana. Nilisema maneno matatu yale, na muuguzi akatuhamisha foleni. Walimfunga mtoto kwa kanga mikono ndani, nikamkumbatia mapajani, msaidizi akamshika kichwa, tabibu akaingiza kitu kama kijiti cha chuma chenye ncha iliyopinda. Hata hakuwahi kulia vizuri. Imetoka mbegu ya ubuyu, rangi yake yote imekwisha, imefunikwa na utando mweusi. Harufu ilijaa chumba. Leo pua ni kavu na dada yake amerudi kitandani.

Tabibu wa Zamu

Hongera, mama. Je, waliangalia na tundu la kulia na masikio yote mawili? Mtoto aliyeonja kuingiza kitu sehemu moja mara nyingi huwa amejaribu na nyingine.

Mama Wawili

Pua ya kulia waliangalia, masikio hapana. Nimemulika sasa hivi kwa tochi ya simu baada ya kusoma ujumbe wako. La kulia lina kitu cheupe ndani, sijakigusa. Tunarudi kesho asubuhi.